Anayekunywa Mbele ya Komanda

Songo, Uvira
Mwezi wa pili, 2001

Kwa mdogo wangu mpendwa Bertrand,

Pokea salamu zangu, za watoto, na za watu wa parokia ambao bado wanakuulizia kwa sauti ya chini. Ninatumaini barua hii itakukuta ukiwa na nguvu. Kile kikohozi cha baridi ya mlimani kimekuachilia? Na mguu ulioumia, unakanyaga vizuri sasa? Sisi huku tungali hai. Mvua imenyesha ya kutosha, ndagala za ziwani zimepatikana juma hili na tumekula vizuri kwa siku kadhaa. Shalom ameanza kukimbia na anauma kila kitu. Délice anasoma, pale shule inapofunguliwa, na mwalimu wake anasema ana mwandiko mzuri kama wako.

Marie-Jeanne, yule mama wa mawese anayepanda kwenu na kushuka, alinikuta baada ya misa akanifikishia maneno yako. Alisema ulisikia kifo cha Papa, baba yetu, ukakaa chini ukalia mbele ya wenzako. Nakushukuru kwa machozi hayo. Alisema pia kwamba kwa Eugène, mume wangu, hukulia, kwamba umeniomba nivue nguo za matanga kwa sababu mtu aliyempikia adui dawa hastahili mjane, na kwamba watoto wangu waitwe kwa jina la Papa, Ngendakumana, lile la baba yao lisahauliwe. Nilimsikiliza hadi mwisho. Yeye anabeba tu, maneno si yake. Jibu lako ni hili ninaloandika.

Hukuwa hapa, kwa hiyo nitakueleza tangu mwanzo.

Unajua Eugène alikuwa akifanya kazi katika kituo kimoja cha utafiti upande wa Bukavu. Hukuwahi kumwuliza alifanya nini kule, na wakati wa arusi yetu mlimcheka kwamba ni mchungaji wa panya. Ni kweli alikuwa na panya. Aliwatia ugonjwa wa sukari, kisha wengine akawanywesha maji ya majani ya mubirizi, yale machungu ambayo Mama alitunywesha tulipokuwa na minyoo, na wengine akawaacha hivihivi. Walipokufa aliwapasua akatazama figo zao. Aliniambia kwamba sukari ikikaa ndani ya damu miaka mingi inatoboatoboa figo kidogo kidogo, kama kitambaa cha kuchujia kinachochakaa, mpaka vitu vizuri vya mwili vinatokea kwenye mkojo na vibaya vinabaki ndani. Ndani ya ule uchungu wa mubirizi kulikuwa na vitu alivyokuwa akivitenga kimoja kimoja, na panya waliovinywa figo zao zilikuwa bado nzima. Alikuwa akiyasema hayo taratibu, kwa kuogopa kuongeza chumvi. Kila mara alimalizia kwa kusema kwamba ameona kwa panya tu, na mtu si panya.

Vita vilipofika kule, askari walivunja kituo, wakafungua vizimba kwa kucheka, wakachukua mashine wasizojua kazi yake. Eugène alirudi kwangu na taa yake ya alkoli, tube chache za kioo na nguo alizovaa.

Papa naye alikuwa amekwisha kufika. Mama alipouawa pale Sange na nyumba ikachomwa, weye ulipanda mlimani kwa wapiganaji, na yeye alishuka kwa miguu hadi Uvira akiwa na koti lake la Jumapili juu ya shati lililoungua mkono. Sukari yake ilikuwa imepanda sana. Chooni sisimizi walijipanga kwenye mkojo wake. Vidonge vyake vilikuwa haba. Duka la dawa liliviuza leo na kesho hakuna. Siku moja Eugène alichukua mkojo wake kidogo kwenye tube, akauchemsha juu ya taa, akadondosha siki. Aliniita nione. Ulikuwa umegeuka mweupe kama maji ya kuoshea mchele. Alisema figo za Papa zinavuja.

Basi alianza kumpikia mubirizi. Tulikuwa nao mti mzima nyuma ya nyumba. Papa mwenyewe alitwanga majani kwenye kinu, kwa sababu hakutaka kula bure kwa mukwe wake, na Eugène alichemsha, akachuja, akapima kwa kikombe. Miezi ilipita. Ule weupe ulipungua, ukawa ukungu, halafu siku moja mkojo ukachemka ukabaki safi. Sijamwona mume wangu akifurahi vile hata siku Délice alipozaliwa. Alimshika Papa mikono miwili akamwambia kwamba labda ni majani, labda ni kwa kuwa siku hizi anakula kidogo, hajui, lakini waendelee. Papa alisema yeye anajua, ni majani.

Kosa likawa hapo. Jambo jema likitokea katika kartye hii, mtaani kwetu, linazungumzwa kisimani.

Komanda wa wale waasi waliochoma Sange alikuwa amechukua nyumba ya mfanyabiashara mmoja, barabara ya pili kutoka kwetu. Alikuwa na sukari. Alikuwa na insulini pia, tele, ndani ya friji iliyokuwa na groupe yake ya umeme, ikinguruma mchana kutwa. Lakini miguu ilikuwa imemvimba, na daktari wake alikuwa amemwambia figo zinaanza kuchoka. Askari wake walikuja mchana, tukiwa tunakula, wakamchukua Eugène na Papa pamoja.

Eugène alimweleza ukweli wote, kama alivyozoea. Kwamba ameona kwa panya. Kwamba kwa watu hajathibitisha. Komanda akamwonyesha Papa kwa kidole akauliza, na huyu je? Eugène akasema, huyu amepata nafuu. Yule mtu akacheka. Alisema kwa Kiswahili cha hapa, ili askari wote waelewe, "Basi huyu muzee iko panya yangu. Ananikunywia mbele, miye nyuma."

Tangu siku hiyo Eugène alilala kule, kwenye chumba cha nje, na sikuruhusiwa kumwona ila kupitia uzio. Papa alilala kwangu. Asubuhi alitwanga majani, akavaa koti lake, akayabeba kwenye bakuli hadi kwa Komanda. Eugène aliyachemsha. Papa alikunywa kikombe chake mbele ya watu wote, akakaa kwenye benchi la jua bila kuruhusiwa kusimama, na Komanda alipoona hajaanguka, naye alikunywa. Askari walizoea kulia kama panya alipoingia getini. Walimtupia makombo ya mkate, wakimwambia aokote. Siku moja Komanda alimwamuru aokote kweli, na aliokota, Bertrand. Baba yetu aliyekuwa akigawa maji ya mashamba ya mpunga Sange, watu wakimwamkia toka mbali.

Concilie, jirani yetu, unamkumbuka, mwenye mtoto mwenye sukari ya utotoni. Alimwomba Eugène amwombee mtoto dawa kutoka ile friji. Eugène aliomba. Komanda alijibu kwamba akimpa mmoja watakuja wote. Yule mtoto alikufa akisikia ile groupe ikinguruma.

Na majani yalikuwa yakimfaa Komanda. Hilo ndilo lililokuwa gumu kumeza. Miguu ilipungua. Alianza kuvaa buti zake tena. Aliwaambia wageni kwamba ana muganga wake na panya wake.

Kisha, kabla ya Noeli ya mwaka juzi, mambo yaligeuka. Papa alianza kuvimba macho asubuhi. Alikataa chakula, akisema mdomo una ladha ya msumari. Kule kwa Komanda, Eugène alichemsha mkojo wa Papa na ule weupe ukawa umerudi, mzito kuliko siku ya kwanza. Nilimfikia kwenye uzio akaniambia haelewi. Alibadilisha maji. Alibadilisha sufuria. Alipunguza kipimo. Kila juma Papa alizidi kuharibika. Halafu ukungu ukaonekana hata kwenye mkojo wa Komanda, kidogo tu, kwa kuwa mwili wake ulikuwa na insulini na chakula na nguvu za kubisha.

Siku Eugène alipouona ukungu ule, aliniita uzioni. Alisema lazima amwambie Komanda aache kunywa. Nilimwambia anyamaze. Nilimwambia amwache yule mtu anywe, Mungu mwenyewe ameleta. Alinitazama kama mtu asiyenifahamu, akasema, "Puda, dawa yangu inaharibu figo za watu. Nitanyamaza namna gani?" Alidhani ni majani yaliyomsaliti. Alidhani miaka yake yote ya kazi ilikuwa uongo.

Alimwambia siku ileile. Papa alikuwapo, ameketi kwenye benchi, ndiye aliyenisimulia. Eugène alisimama mbele ya Komanda na tube mbili za mkojo, moja ya Papa na moja ya Komanda mwenyewe, akamweleza kwa adabu kwamba wote wawili wanaumia na kwamba asinywe tena hata tone. Komanda aliweka kikombe chini. Akamshukuru. Akamwuliza kwa upole ni tangu lini amekuwa akimtia sumu. Eugène akasema hakuna sumu, kuna majani tu. Papa alikuwa ameketi pale, Bertrand, alikuwa akisikia. Alifungua mdomo, akasema, "Mukwe wangu hajui kitu." Askari wakacheka, wakalia kama panya, hakuna aliyemwuliza yeye anajua nini.

Walimchukua Eugène upande wa mto Kalimabenge. Papa walimrudisha kwangu kabla ya saa sita akiwa amebeba viatu vya Eugène mikononi. Walimwambia anipelekee.

Hatukupewa mwili. Wavuvi waliuona mahali mto unapoingia ziwani, wakauzika wenyewe kwa kuogopa. Nimeonyeshwa mahali.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo Papa alinikataza nisikuambie. Aliniapisha kwa jina la Mama. Nilitaka kulishika neno lake, na kama ungeniacha na matanga yangu ningelishika.

Papa hakuamka tena kitandani baada ya siku ile ya viatu. Alivimba uso, mikono, hadi ngozi ya miguu ikawa inang'aa. Mkojo ulikauka. Siku moja nikimwosha, alinishika mkono akaniambia si majani. Alisema ni mizizi. Marie-Jeanne alikuwa amemletea kifurushi cha mizizi iliyokaushwa na kusagwa, na maneno: imetoka kwa Bertrand, mpe shemeji, achanganye kidogo kidogo kwenye dawa ya Komanda, itakula figo zake polepole na hakuna atakayejua. Ulijua kwamba shemeji yako anampikia Komanda. Hukujua nani anakunywa mbele. Huko juu hamkuwa mmesikia hilo, au mlilisikia hamkujua mzee huyo ni nani.

Papa hakumpa Eugène ile mizizi. Alimjua mukwe wake, alijua angekataa, na angekataa kwa sauti kubwa. Aliitia mwenyewe kwenye kinu, ndani ya majani, kila asubuhi, pale nyuma ya nyumba yangu, mimi nikipita na maji. Kisha akavaa koti, akayabeba, akanywa kikombe chake mbele ya askari, akaketi juani akimtazama yule mtu naye akinywa. Nilimwuliza kwa nini hakukutumia neno kwamba mwonjaji ni yeye. Alisema ungezuia mkono wako, na yeye hakutaka uuzuie. Alisema alikuwa amekwisha kuzeeka, na kwa mara ya kwanza tangu Sange alikuwa anaingia getini pale bila kuona aibu.

Alidhani sumu itawamaliza wote wawili kwa mwendo mmoja. Hakufikiri kwamba figo zake zilikuwa zimetoboka zamani na zitatangulia. Hakufikiri kwamba Eugène na kioo chake ataona mapema hivyo, na akiona atasema. Aliniomba msamaha kwa ajili ya mume wangu. Nilimwambia nimesikia. Baadaye akili yake ikapotea, akawa anaita ng'ombe wa zamani kwa majina, na siku ya soko akatulia.

Kwa hiyo ujue hivi. Yule unayemwita mpishi wa adui hakujua kitu, na aliuawa kwa kazi yako. Yule uliyemlilia alikufa kwa mkono wako, akitaka usijue. Na Komanda hakufa. Walimpeleka kwa ndege kwenda kutibiwa nje, akarudi amenenepa. Nilimwona kwenye misa ya Pasaka, kiti cha mbele, mikono imekunjwa.

Ningeishia hapo kama lingekuwa la zamani. Linaendelea.

Tangu mwezi wa kumi miguu ya Komanda imeanza kuvimba tena. Amekumbuka kwamba mwanzoni, kabla mambo hayajaharibika, dawa ya Eugène ilimsaidia. Alituma watu wanichukue, kwa kuwa mke wa muganga ameona inavyopikwa. Nilimwambia sijui. Alisema, "Weye unajua." Nami ninajua, ni kweli, nilimwona Eugène akipika mara nyingi kiasi cha kunitosha. Nikasema basi nitapika na nitakuwa ninakunywa mbele yake mimi mwenyewe, kila siku, kama alivyofanya Papa.

Alikataa. Alisema mzee yule alikunywa na bado wakamtia sumu, kwa hiyo mtu mzima hatoshi, mtu mzima anaweza kuwa amechoka na maisha. Alitazama nyuma yangu. Délice alikuwa amenifuata hadi getini.

Anayekunywa mbele sasa ni Délice. Kila asubuhi kabla ya shule. Ni mubirizi tu, ninautwanga mwenyewe na kinu hakiguswi na mtu mwingine, ninalala nacho chumbani. Mtoto hana ugonjwa wa sukari, na yale majani yanaishusha hata ile kidogo aliyo nayo, kwa hiyo akimaliza kikombe anatetemeka na jasho linamtoka puani. Ninampa ndizi iliyoiva nikiwa nimeificha kwenye kitenge, maana hawaruhusu ale kabla Komanda hajanywa. Askari wamempa jina. Unalijua jina hilo.

Pamoja na maneno yako, Marie-Jeanne alinipa na kifurushi. Nilikifungua nyumbani. Nimekitia chooni nikamwagia majivu juu. Mwambie yeyote anayewatengenezea asitengeneze tena. Usinitumie kitu cha kutia kwenye chungu changu, hata chumvi, hata majani ya chai. Usimtumie mtu mwingine yeyote wa mtaa huu. Najua wapo wenzako watakaosema mtoto mmoja si kitu mbele ya yule mtu na yote aliyoyafanya Sange. Uwaambie ni mtoto wa nani.

Siombi uteremke. Ukiteremka watakuua, na sina nguvu za kuzika tena. Sikukatazi kurudi siku vita vikiisha. Utakuta nyumba, utakuta kitanda cha Papa, hakuna anayekilalia. Matanga ya Eugène sitayavua mpaka nitakapotaka mwenyewe, na watoto wake wanabaki na jina lake.

Isome barua hii peke yako, kisha uichome, kwa ajili ya mama anayeibeba.

Jifunike vizuri na baridi hiyo, na usilale na soksi mbichi. Concilie anakusalimu. Padri anakusalimu bila kutaja jina lako. Shalom hakujui, lakini nimemfundisha kusema mjomba. Délice anauliza kama kule juu kuna shule, na kama ungekuja siku moja kumwona akiandika. Anakusalimu sana.

Mimi dada yako wa tumbo moja,

Pudentienne